Louis Braille, mwanafunzi aliyewapa vipofu kalamu

Katika mji wa Thika, kiasi cha kilomita 40 kutoka Nairobi, ipo shule ambayo watoto wake husoma kwa ncha za vidole. Ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, nayo ndiyo shule ya mwanzo ya vipofu katika nchi ya Kenya. Mtoto hupewa karatasi nene iliyojaa vinundu vidogo vidogo, akapitisha kidole juu yake kutoka kushoto kwenda kulia, na baada ya mazoezi huwa anasoma jina lake mwenyewe. Maandishi hayo yaitwa breli. Tangu mwaka 2010 neno hilo limo hata katika Katiba ya Kenya, kifungu cha 7, kinachoitaka serikali kuyakuza na kuyaendeleza maandishi hayo. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaojua kwamba breli ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo aliyabuni akiwa bado mwanafunzi, kipofu wa miaka 15.

Nimeona ni kheri kuwasimulia wasomaji habari za kijana huyu kwa sababu ya hoja moja inayozuka kila yanapotajwa masomo ya watoto wenye ulemavu. Wako wasemao kwamba shule haiwezi kushika mambo mawili kwa pamoja, yaani kiwango cha juu cha masomo, na msaada kwa mtoto asiyejiweza. Husema ukilishika moja, la pili litakuponyoka. Maisha ya Louis Braille, tangu utoto wake hata alipoingia kaburini, ni jawabu la hoja hiyo.

AZALIWA NA MACHO MAZIMA

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya mji wa Paris, nchini Ufaransa. Umbali wa kijiji hicho kutoka Paris wakaribia ule wa Thika kutoka Nairobi. Baba yake, Simon-René Braille, alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza matandiko na hatamu za farasi. Louis alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto wanne, akapendwa kama wapendwavyo vitinda mimba wote.

Siku moja, akiwa na umri wa miaka 3, aliingia katika karakana ya baba yake, akaokota msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akajaribu kufanya kama alivyomwona mzee wake akifanya. Msharasi uliteleza ukamchoma jichoni. Wakati ule dawa za kuzuia uchafu wa jeraha zilikuwa bado hazijajulikana. Jicho lile likaoza, maradhi yakahamia jicho la pili, na alipofika umri wa miaka 5 alikuwa haoni kabisa, hata mwanga wa jua.

Watoto wengi vipofu wa zama zile waliishia katika milango ya makanisa wakiomba sadaka. Wazazi wa Louis hawakuyakubali hayo. Baba alimchongea fimbo ya kupapasia njia. Husimuliwa pia kwamba alipigilia misumari juu ya ubao kwa maumbo ya herufi, ili mwanawe azijue kwa kuzigusa. Kasisi wa kijiji, Jacques Palluy, alimfundisha mwenyewe kwanza, kisha akamwombea nafasi katika shule ya kijiji, na mwalimu wa pale akakubali kumweka darasani pamoja na watoto wenye kuona. Hapo ikadhihirika kwamba mtoto yule alikuwa na kipawa. Alilosikia asubuhi alikuwa nalo jioni. Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye aliketi mikono mitupu, na walipochukua kalamu, kazi yake ikawa kungoja wamalize.

KIPOFU NA ELIMU KATIKA DINI YETU

Sisi Waislamu hatuna haja ya kuambiwa kwamba kipofu ana akili na ana haki ya kufundishwa. Sura ya 80, Abasa, iliteremka kwa sababu ya kipofu, Ibn Umm Maktum, aliyemjia Mtume (S.A.W.) akitaka kufundishwa wakati Mtume alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi. Sahaba huyo baadaye alikuwa mwadhini katika Madina. Na mshairi mkubwa wa Kiarabu, Abu al-Ala al-Ma'arri, aliyeishi kati ya mwaka 973 na 1057, alipofuka kwa ndui akiwa mtoto wa miaka 4, akasoma, akatunga, na wanavyuoni wakasafiri kumwendea kwao Syria ili wamsikilize.

Lakini al-Ma'arri alitunga kwa kumtamkia mwandishi. Hakuwa na kalamu yake mwenyewe. Hapo ndipo penye shida. Sikio na hifadhi humfikisha kipofu mbali, tena mwenye kipawa humfikisha mbali mno, ila barua yake huandikwa na mwingine, kitabu chake husomwa na mwingine, na siri yake huwa kwa mwingine.

Mimi mwenyewe nimekulia chuoni, nikaandika juu ya ubao kwa wino kabla ya kupewa juzuu, na katika chuo chetu alikuwamo mwenzetu asiyeona. Aya tulizozirudia sisi mara kumi, yeye alizishika kwa mara tatu. Lakini ilipofika saa ya kuandika mbao, yeye alitumwa kuteka maji ya kuoshea mbao zetu. Alihifadhi, alihitimu, na hapana hitima mtaani ambayo hakualikwa. Alipopelekwa shule ya serikali, wazazi wake waliambiwa pale pale mlangoni kwamba hapana mwalimu wa kumfundisha, wakarejea naye nyumbani. Alifikia utu uzima pasi na kujua hesabu za duka la nduguye, na barua zake akisomewa na watoto. Akili yake ilikuwa inang'ara kuliko zetu sote, na hapakuwa na mtu aliyepata kumpimia kwa kipimo kilekile alichotupimia sisi.

AENDA PARIS

Palikuwapo Paris shule ya vipofu iliyofunguliwa na Valentin Haüy mwaka 1785. Mwanafunzi wake wa mwanzo alikuwa kijana mwombaji aitwaye François Lesueur, aliyekuwa akiketi mlangoni pa kanisa. Kijana huyo alitegemewa na jamaa zake, naye alihofu kwamba akienda kusoma watalala na njaa. Haüy akamlipa kiasi kile ambacho angekipata kwa kuomba, ndipo akasoma. Wanaodhani kwamba kumlisha mwanafunzi ili asome ni jambo la juzi, wajue ndipo ilipoanzia shule ya vipofu ya kwanza duniani.

Braille aliingia shule hiyo mwezi wa Februari 1819, akiwa na miaka 10, kwa msaada wa masomo uliopatikana kwa juhudi za kasisi Palluy na bwana mmoja mwenye cheo wa kijijini kwao. Nyumba ya shule ilikuwa kuukuu, yenye unyevu na giza, na wengi husema kwamba huko ndiko kifua chake kilikoanza kuharibika. Lakini masomo yalikuwapo: sarufi, jiografia, historia, hesabu na muziki. Louis alizoa zawadi mwaka baada ya mwaka.

Vitabu navyo vilikuwapo, lakini vya namna gani! Haüy alichapisha herufi za kawaida za Kilatini, kubwa kubwa, zilizoinuliwa juu ya karatasi nene. Mwanafunzi alipaswa kuizunguka kila herufi kwa kidole, pindo na mikunjo yake yote, na alipofika mwisho wa sentensi alikuwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Kitabu kimoja kilikuwa mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili. Juu ya hayo, kipofu hakuweza kuyaandika maandishi yale kwa urahisi. Yalikuwa yametengenezwa na mwenye kuona, kwa kufuata jicho la mwenye kuona.

NUKTA ZA BARBIER

Mwaka 1821 alikuja shuleni hapo afisa wa zamani wa jeshi, Charles Barbier, akaleta maandishi aliyoyabuni kwa nukta zilizoinuliwa. Wanafunzi walipozigusa walifahamu mara moja kwamba kidole hupendelea nukta kuliko mistari. Tena nukta mtu aweza kuzitoboa mwenyewe kwa kibao na sindano. Ilikuwa ni furaha kubwa.

Lakini kijana Braille aliona kasoro mbili. Ya kwanza, alama moja ilikuwa na nukta hata kumi na mbili, zimesimama safu mbili za sita sita, na kidole hakikuweza kuzikusanya kwa mguso mmoja. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Barbier hakuandika herufi, aliandika sauti tu. Hapakuwa na tahajia, wala vituo, wala tarakimu, wala alama za muziki. Mtu aliyejifunza kwa maandishi yale angeweza kuandikiana na wenzake maneno ya haja zake, lakini asingejua kamwe neno huandikwaje katika kitabu.

Msomaji aliyezoea Kiswahili cha hati za Kiarabu atafahamu uzito wa jambo hili. Tunajua sote taabu ya kusoma waraka wa zamani usiopambanua sauti ya "e" na "i", au "o" na "u", hata msomaji akalazimika kubahatisha. Sisi twaweza kubahatisha kwa sababu lugha twaijua. Mtoto anayejifunza abahatishe nini?

Barbier alikuwa mtu mwema, na nia yake ilikuwa kurahisisha. Alidhani hayo yawatosha vipofu. Braille hakutaka kirahisi cha namna hiyo. Alitaka kila kilichomo katika kitabu cha mwenye kuona kiwemo katika kitabu cha kipofu, herufi kwa herufi na kituo kwa kituo, ila kipitie kidoleni. Huo ndio msaada usiopunguza kiwango.

NUKTA SITA

Alifanya kazi hiyo usiku, wenzake wakilala, na wakati wa likizo huko Coupvray. Alipofika mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa imekwisha kwa sehemu kubwa. Akaichapisha kitabuni mwaka 1829.

Alipunguza nukta kutoka kumi na mbili hadi sita, safu mbili za tatu tatu, umbo ambalo ncha ya kidole hulifunika lote kwa mara moja. Kwa kuziweka nukta hizo sita kwa namna mbalimbali hupatikana alama 63. Zatosha herufi zote, vituo vyote, tarakimu na hata muziki.

Mpangilio wake una nidhamu ambayo mtunga mashairi hawezi kuacha kuipenda. Herufi kumi za mwanzo, "a" mpaka "j", hutumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata ni zile zile, ila kila moja imeongezwa nukta ya chini ya kushoto. Zinazobaki huongezwa nukta zote mbili za chini. Anayejua kumi za kwanza amekwisha kuzijua nyingine nusu yake, kama ajuaye kina cha ubeti anavyokitazamia kabla hakijafika. Herufi "w" peke yake ndiyo iliyo nje ya mpango huo, kwani Kifaransa cha siku zile hakikuihitaji, ikaja kutiwa baadaye. Waswahili tungekuwapo asingeisahau, maana hatuwezi kusema hata "wewe" bila ya hiyo!

Na kuhusu hesabu, aliyesoma abjadi hatapata mageni. Katika breli, zile herufi kumi za mwanzo ndizo tarakimu, "a" ni moja, "b" ni mbili, na kuendelea, ila hutanguliwa na alama ya kuonyesha kwamba hii ni namba.

Liko na jambo jingine litakalowafurahisha waliosoma Kiarabu. Anayeandika breli kwa kibao huzitoboa nukta upande wa nyuma wa karatasi, kwa hiyo huanza kulia akaenda kushoto, kama tuandikavyo chuoni. Kisha huigeuza karatasi, vinundu vikawa juu, akasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Na chombo cha kutobolea ni kisindano chenye mpini, ndugu yake msharasi. Chombo kilichomtia Louis upofu kimefanana na kalamu aliyowaachia vipofu wenziwe.

MWALIMU BRAILLE

Alipomaliza masomo hakuondoka. Alianza kuwa msaidizi wa walimu, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili katika shule ile ile. Alifundisha sarufi, jiografia, hesabu na muziki, naye alikuwa mpiga kinanda katika makanisa ya Paris. Mwaka 1837 shule ilichapa kitabu cha historia ya Ufaransa kwa nukta zake, katika majalada matatu. Mwaka 1838 yeye mwenyewe alitoa kijitabu cha hesabu kwa ajili ya wanaoanza. Mwaka uliofuata akatoa namna ya kuandika herufi za kawaida kwa nukta, ili mwanafunzi kipofu aweze kuwaandikia barua jamaa zake wenye kuona nao wakasoma bila ya mkalimani.

Wanafunzi wake walimpenda kwa upole wake na kwa mkono wake uliokuwa wazi. Mshahara ulikuwa mdogo, na bado aliwakopesha waliopungukiwa. Palipokuwa na mwanafunzi kipofu mhitaji wa riziki, Braille alimwachia nafasi yake mwenyewe ya kupiga kinanda. Mwalimu huyu hakumpunguzia mwanafunzi hesabu hata moja, lakini alijua kwamba mwenye njaa hahesabu sawasawa.

MAANDISHI YAPIGWA MARUFUKU

Mtu angedhani kwamba shule ingeyapokea maandishi yake kwa mikono miwili. Haikuwa hivyo. Mkuu wa shule, Alexandre-René Pignier, aliyapenda na akayaachia yatumike, ingawa hayakuwa rasmi. Mwaka 1840 Pignier aliondolewa, mahali pake pakashikwa na Pierre-Armand Dufau. Huyu aliona kwamba vipofu wakiwa na maandishi yao peke yao watatengwa na watu wengine. Akaamuru kurudi kwenye herufi zilizoinuliwa, na breli ikakatazwa.

Tusimhukumu Dufau kwa pupa. Hoja yake ilikuwa ni hoja ya kiwango: kwamba kipofu asome kile kile, kwa umbo lile lile, kama wengine. Lakini alichanganya umbo na kiini. Herufi zilikuwa sawa kwa macho ya mwalimu, ilhali mtoto alisoma ukurasa mmoja pale ambapo angesoma kumi, na kuandika hakuandika. Kipimo kilikuwa kizuri, mpimwa ndiye aliyefungwa mikono.

Wanafunzi waliendelea kuandikiana nukta kwa siri. Waliokubaliana na breli walikuwa wale walioihitaji, na hao ndio ambao hapana aliyewauliza. Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, alipoona hivyo akafanya utafiti wake, akabadili rai, na akamshawishi mkuu wake naye aibadili.

Tarehe 22 Februari 1844 shule ilifungua jengo lake jipya mbele ya wageni wengi. Guadet alieleza habari za maandishi ya Braille, kisha yakafanyiwa jaribio hadharani. Mwanafunzi mmoja alitolewa nje. Mwenzake akasomewa shairi, akaliandika kwa nukta. Yule wa nje akaitwa, akapewa karatasi, akapitisha vidole, akalisoma shairi lote bila ya kukosea. Louis Braille alikuwapo ukumbini siku hiyo, mgonjwa, mwenye miaka 35.

KISANDUKU

Kifua kikuu kilikuwa kimemshika tangu miaka kadhaa nyuma. Alifundisha alipoweza, akapumzika Coupvray alipozidiwa, akarudi tena. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 43, akazikwa kijijini kwao.

Rafiki zake wamesimulia kwamba aliacha kisanduku na wasia kwamba kichomwe moto bila ya kufunguliwa. Walishindwa kujizuia, wakakifungua. Ndani yake hawakukuta fedha. Walikuta vikaratasi vya madeni, kila kimoja na jina la mwanafunzi aliyemkopa. Alitaka viteketee ili asije mtu akawadai. Ndipo wakavichoma, kama alivyousia.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1854, breli ikawa maandishi rasmi ya shule ile. Mwaka 1878 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris uliyakubali yatumike kwingineko. Mwaka 1951, huko Beirut, yalipatanishwa maandishi ya nukta kwa lugha ya Kiarabu, alifu kwa alama ya "a", be kwa alama ya "b", yakisomwa kutoka kushoto. Hata Msahafu mtukufu umekwisha kuchapwa kwa breli. Na mwaka 1952, miaka 100 baada ya kufa kwake, mwili wa Braille ulihamishiwa Panthéon, mahali wanapozikwa wakubwa wa Ufaransa. Watu wa Coupvray waliomba wabakishiwe mikono yake, wakabakishiwa.

Hapa sina budi kumtaja mtu wetu. Al-Safadi, mwandishi wa karne ya 14 aliyekusanya habari za vipofu mashuhuri, ameeleza juu ya Zayn al-Din al-Amidi, mwanachuoni kipofu wa Baghdad aliyekuwa akiuza vitabu. Ili ajue bei ya kila kitabu, alisokota karatasi nyembamba kama uzi, akaikunja kwa umbo la herufi za hesabu ya abjadi, akaigandisha ndani ya jalada na kuifunika. Alipotaka kujua bei alipitisha kidole. Alifanya hayo miaka 500 kabla ya Braille! Lakini al-Amidi alikuwa peke yake. Hakuwa na shule iliyojaa wenzake wa kuyajaribu, kuyasahihisha na kuyaeneza, na maarifa yake yakabaki kuwa yake. Kipaji kimoja bila ya shule huzikwa na mwenyewe.

BARABARA YA THIKA

Ndiyo maana nataka msomaji airudie ile barabara ya kutoka Nairobi kwenda Thika na kuitazama kwa jicho jingine. Kasarani ipo taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1986 kuwafunza walimu wa watoto wenye ulemavu. Kahawa, kabla ya kufika Ruiru, kipo Chuo Kikuu cha Kenyatta, nacho hufundisha walimu wa fani hiyo. Mwisho wa safari ni Thika yenyewe, na shule yake ya msingi ya vipofu, na ya sekondari iliyofuata mwaka 1967.

Watoto wa Thika hufuata masomo yale yale ya watoto wengine. Mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, ule wa KCPE uliodumu tangu 1985 hadi 2023, waliufanya kama wengine, karatasi zikiwa kwa breli. Swali lenye picha hubadilishwa ili lipime maarifa yale yale bila ya picha, na mtahiniwa huongezwa muda, kwa kuwa kidole hakiruki mistari kama jicho. Wako wanaoona kwamba muda huo ni upendeleo. Hao wajaribu kusoma ukurasa mmoja kwa kidole, kisha waseme.

Gharama ipo, haifichiki. Kitabu kimoja cha kawaida huwa majalada kadhaa kwa breli. Karatasi yake ni nene na ghali. Mashine ya kuandikia, ile iitwayo Perkins, yenye vifungo sita kwa nukta sita, wazazi wengi hawawezi kuinunua. Tena si kila mtoto mwenye taabu ya macho ni kipofu. Mwengine huhitaji miwani tu, mwengine maandishi makubwa, mwengine kuketi mbele. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na miji iliyokua haraka kama Ruiru, uliokuwa na watu wapatao 490,000 katika hesabu ya mwaka 2019, madarasa yake yamejaa. Katika darasa lililojaa, mtoto asiyeuona ubao huandikwa kuwa mjinga, naye si mjinga. Mwalimu asiyepata nafasi ya kumtambua hawezi kumsaidia, na kiwango cha shule hushuka pale pale, kwa mtoto mmoja asiyejulikana.

NA SISI WA PWANI?

Kutoka Mombasa hadi Thika ni zaidi ya kilomita 500. Lakini hatuna sababu ya kutoa udhuru wa umbali, kwani Likoni, ng'ambo ya kivuko, ipo shule ya vipofu. Udhuru wetu mara nyingi ni mwingine, ni haya. Mtoto asiyeona hufichwa chumba cha ndani, akafundishwa sura fupi kwa sikio, tukaona tumekwisha kutimiza wajibu wetu kwake.

Na vyuo vyetu navyo? Tunajivunia mahafidhi vipofu, na ni haki kujivunia. Lakini uko wapi ubao wao? Kibao cha breli na kisindano chake si mashine, ni vitu vidogo vya kutiwa mkobani. Msahafu wa breli upo. Mwalimu mwenye kuona anayejua abjadi na nidhamu ya herufi hatashindwa kujifunza nukta sita, nazo zikifika madrasa moja tu ya mjini, mtoto wa pale hatatumwa tena kuteka maji wenzake wanapoandika.

Mzazi mwenye mtoto asiyeona, na avuke Likoni akaulize nafasi kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza. Na kamati za madrasa, zitakapokutana kuhesabu fedha za mikeka na feni, ziulize pia bei ya kibao kimoja.